Kumpangia Kazi Baba Mkwe

Milembe alipopewa usimamizi wa matengenezo ya kiwanda, mtu wa kwanza kufurahi alikuwa baba mkwe wake, na mtu wa kwanza kumkwamisha akawa huyo huyo. Si kwa ubaya. Mzee Mayige hakuwa na chembe ya ubaya kwa mkamwana wake. Tangu mwanawe Shija amlete pale nyumbani, mzee alitembea kifua mbele kwamba ukoo wao sasa una mwanamke fundi, tena mwenye stashahada. Tatizo lilikuwa heshima. Walikuwa nayo nyingi mno, wote wawili, na hakuna aliyewafundisha waiweke wapi inapofika saa ya kazi.

Kiwanda chenyewe ni cha kuchambua pamba, nje kidogo ya mji wa Bariadi. Msimu ukifunguliwa malori hupanga foleni mpaka barabarani, na mafundi hurudi nyumbani na nyuzi za pamba kwenye nyusi. Msimu ukifungwa kiwanda kinakaa kimya, na wasiojua hudhani mafundi nao wamelala. Wanajidanganya. Huo ndio wakati mashine zinafunguliwa moja moja, beringi zinabadilishwa, mikanda inakaguliwa, na rola zinavuliwa na kuvishwa upya. Mkulima aliyepalilia tangu mvua za kwanza hataki kusikia habari ya mashine mbovu siku anapofikisha mzigo wake.

Mzee Mayige alikuwa fundi wa rola. Alianza kazi hapo akiwa kijana asiye na ndevu, akazeekea hapo hapo, na sikio lake lilizoea ngurumo kiasi kwamba nyumbani aliongea kwa sauti ya juu hata akiomba chumvi. Milembe yeye alikuja baadaye, akawekwa upande wa mashine ya kufungia marobota. Kati ya rola na marobota kuna ukuta mrefu, na ukuta ule uliwatunzia adabu yao kwa miaka. Waliingia getini kila mmoja kwa wakati wake, wakatoka kila mmoja kwa wakati wake, na mchana kutwa hawakuonana.

Nyumbani mambo yalikuwa yamenyooka kama ilivyo desturi. Asubuhi Milembe alipiga magoti, akaamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, baba." Mzee akaitikia, "Mwangaluka, mayu," akimwita mama huku akitazama pembeni. Milembe akiwa na haja ya kumwambia mzee jambo, alimwambia mama mkwe wake Felisita, na Felisita akalifikisha. Jina la mzee halikupita mdomoni mwake hata kwa bahati mbaya. Hakuona kwamba anaonewa. Alikuwa mwanamke aliyelelewa vizuri, na aliipenda ile nyumba.

Sasa meneja wa kiwanda, bwana Anatoli, alikuwa mtu wa kuja, na mambo haya hakuyajua wala hakuyauliza. Alichokiona ni kwamba Milembe anajua kupanga kazi. Jambo hilo Milembe alilitoa kwao Malampaka, ambako mama yake aliuza chakula kwa abiria wa treni, na treni ya pale haikuwa na adabu ya saa. Binti alikua akijifunza kuandaa wali, maharage na chai kwa ajili ya kitu ambacho hakuna anayejua kitafika lini, na visipoe wala kuungua. Ukiweza hilo, kupanga mafundi ni jambo dogo. Ndivyo alivyodhani.

"Nakupa matengenezo ya mwaka huu kwa majaribio," Anatoli alimwambia. "Siku ya kuwasha mitambo, kila kitu kikiwa sawa, usimamizi ni wako moja kwa moja. Kisipokuwa sawa, nitamleta mtu kutoka Mwanza, na wewe utarudi kwenye marobota."

Milembe alisema sawa, akaenda zake chooni akacheka peke yake kwa furaha. Aliitaka kazi ile. Aliitaka tangu siku alipoanza kuona jinsi mafundi wanavyosubiriana, huyu amekaa kwa sababu yule hajaleta beringi, yule hajaleta kwa sababu hakuna aliyemwagiza. Hayo aliona anaweza kuyatibu.

Kiwanda kikampeleka Mwanza kwenye mafunzo mafupi ya usimamizi wa miradi. Mwalimu alikuwa kijana nadhifu mwenye viatu vinavyong'aa, na alifundisha vizuri, tusimnyime haki yake. Aliwaambia waikate kazi kubwa vipande vipande. Aliwaambia watafute kipande kile ambacho kikichelewa kinachelewesha vyote, wakilinde kuliko vingine. Na aliwaambia kwamba kila kipande kiwe na mwenyewe, na mwenyewe huyo aitwe kwa jina, mbele ya wenzake, kila asubuhi, ili asije akasema hakujua. Milembe aliitikia kwa kichwa kila kitu, mpaka alipokuwa ndani ya basi la kurudi, maeneo ya Lamadi, ndipo neno "aitwe kwa jina" lilipomrudia. Akapoteza hamu ya samaki aliokuwa amewanunua dirishani.

Maana kipande kile cha kulindwa kilikuwa ni rola. Na mwenye rola alikuwa baba mkwe.

Asubuhi ya kwanza mafundi walisimama mbele ya ubao ndani ya karakana. Milembe alisoma kwa sauti nzuri. Januarius, fundi umeme, mota zote na nyaya za mstari wa kwanza. Fulani mikanda, fulani mabomba ya kuvuta pamba, fulani beringi. Alipofika kwenye rola akakohoa, akasema rola nazo zitashughulikiwa, akaruka kwenda kwenye mashine ya marobota. Kila mtu akaenda kwenye kazi yake. Mzee Mayige akabaki amesimama na spana mkononi, akiufuta mpini uliokuwa safi tayari. Alisubiri kidogo, kwa adabu, aone kama ataitwa. Kisha akajiendea mwenyewe kwenye mstari wa pili, akaanza kufanya kama alivyofanya kila mwaka.

Na hapo ndipo penye shida, kwa sababu mwaka huu haukuwa kama kila mwaka. Rola za zamani zilikuwa za ngozi. Rola huvuta nyuzi za pamba, na kisu kilichobanwa juu yake huzuia mbegu isipite. Ngozi inataka kisu kibanwe kwa nguvu, na Mzee Mayige alijua kukibana bila kipimo, kwa mkono tu. Lakini kwa mstari wa pili kiwanda kilikuwa kimenunua rola mpya za kitambaa kigumu na mpira, na hizo zikibanwa namna ile hupata moto. Rola ikipata moto ndani ya kiwanda kilichojaa pamba, hakuna haja ya kueleza kitakachofuata. Milembe alifundishwa habari hizo Mwanza, siku watu waliouza zile rola walipokuja kuzieleza. Mzee hakwenda Mwanza, na hakuna aliyemwambia.

Milembe akafanya kama afanyavyo nyumbani. Kwa kuwa Felisita hayupo kiwandani, akamtafuta mtu wa kupeleka maneno, na aliyekuwa karibu ni Januarius. Akamwambia, mwambie mzee visu vya mstari wa pili vilegezwe, rola hizi si za ngozi. Januarius alikuwa mtu mwema na mcheshi, mwenye kila sifa isipokuwa ya kufikisha ujumbe mzito. Alimwogopa Mzee Mayige, ambaye ndiye aliyempokea kiwandani na kumfundisha mahali pa kula. Kwa hiyo njiani aliulainisha ule ujumbe. Alipofika alisema kwamba mkamwana anasalimia, na kwamba kama mzee ataona inafaa, huenda visu vikalegezwa kidogo, lakini mzee mwenyewe ndiye mjuzi. Mzee alimshukuru kwa salamu. Hakuona kama inafaa.

Jioni Milembe alipita, akajaribu kwa kidole, akakuta visu vimebanwa barabara. Angeweza kusema hapo hapo. Mzee alikuwa hatua chache tu, akinawa mikono.  Milembe hakujua aanze na neno gani. Kumwita kwa jina hawezi. Kumwita "baba" na halafu kumwambia amekosea, mbele ya watu waliomwita mzee huyo mwalimu wao, aliona ni kumvua nguo.

Kesho yake mchana, mafundi walipotoka kwenda kwa mama lishe, Milembe alibaki. Akachukua spana, akalegeza visu vya mstari wa pili, kimoja baada ya kingine, akarudisha spana mahali pake. Alijiambia kwamba amelimaliza jambo kwa amani, na hakuna aliyeumia.

Mzee Mayige alirudi ameshiba, akagusa kisu cha kwanza, akasimama. Akagusa cha pili. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Kisha akavibana vyote upya, kwa nguvu zaidi ya mwanzo.

Wakaendelea hivyo. Mchana mkamwana analegeza, alasiri mzee anabana. Mashine zile hazikupata kufunguliwa na kufungwa namna hiyo tangu zinunuliwe. Mistari mingine ilikuwa ikisonga mbele vizuri, na kwenye ubao wa Milembe kazi zilikuwa zinafutwa moja moja, lakini mstari wa pili ulibaki pale pale, na siku ya kuwasha mitambo ilikuwa Alhamisi.

Nyumbani mzee alianza kukosa hamu ya kula. Alikaa na Shija, aliyekuwa amerudi kutoka kwenye biashara yake ya samaki, akamlalamikia kwa ile sauti yake ya ngurumo kwamba kuna mtu kiwandani anamchezea. Alisema mikono yake haijawahi kukosea kisu, na kwamba huyo anayekilegeza anataka aonekane amechoka, aambiwe akapumzike. Milembe alikuwa ameinama akimnawisha maji. Aliinama zaidi. Shija alimtazama mke wake, akaona jinsi alivyoshika birika, na akaelewa jambo zima bila kuambiwa. Baadaye alijitolea kwenda kumwambia baba yake. Milembe akakataa. Alisema akimtuma mume kumsemea kazini, basi meneja ampe Shija ule usimamizi.

Jumatatu Anatoli alimwita ofisini. Mzee Mayige alikuwa amekuja kushitaki, na mtu aliyemtaja alikuwa Januarius. Ndiye aliyekuja na maneno ya kulegeza visu, ndiye anayezunguka mstari wa pili na nyaya zake, nani mwingine tena. Anatoli alisema Milembe ndiye msimamizi, kwa hiyo aamue mwenyewe. Kama Januarius anaharibu kazi ya wenzake, aondolewe, mkataba wake uishie hapo. Na kama mstari wa pili hautawaka Alhamisi, mtu wa Mwanza ameshapigiwa simu.

Milembe alitoka akaenda karakana. Januarius alikuwa juu ya ngazi, anafunga waya, anaimba. Alikuwa na watoto wawili shuleni na hakujua lolote. Hapo Milembe alijionea aibu, aibu halisi, si ile ya kupiga magoti. Alikuwa ameilinda heshima ya mzee mpaka mzee anakosa usingizi, na mtu asiye na kosa anakaribia kufukuzwa. Heshima gani hiyo. Alijua sasa kwamba akinyamaza atapoteza kazi, na akisema huenda akapoteza nyumba, kwa sababu mwanamke aliyemwita baba mkwe kwa jina mbele za wanaume anaweza kuzungumzwa mpaka Maswa. Usiku ule alilala kwa tabu, lakini alilala ameamua.

Jumanne asubuhi walisimama mbele ya ubao. Milembe alisoma kama kawaida, Januarius, na fulani, na fulani. Alipofika kwenye rola hakukohoa.

"Mayige Salu," alisema. "Mstari wa pili."

 Wale waliotoka vijijini walitazama chini. Mmoja alivua kofia bila kujua kwa nini anaivua. Magoti ya Milembe yalitaka kukunjika kwa mazoea, akayakaza.

 Mzee Mayige alimtazama moja kwa moja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Visu vya mstari wa pili vilegezwe," Milembe aliendelea. "Rola hizi si za ngozi, zikibanwa zinaungua. Na aliyekuwa akivilegeza mchana ni mimi. Januarius hajagusa kitu. Nilipaswa kukuambia siku ya kwanza, nikashindwa, nikafanya kwa kificho. Kosa ni langu."

"Ulishindwa nini?" mzee aliuliza.

"Kukuita."

Mzee aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayesikiliza mashine iliyo mbali. Wenzake walisubiri. Alijulikana kwa hasira zake za ujanani, na wapo waliotegemea atatupa spana chini na kuondoka.

"Umeita kwa sauti ndogo," alisema hatimaye. "Hapa kuna kelele. Ita kama unavyowaita wenzangu."

Milembe akapaza sauti. "Mayige Salu!"

"Nipo," akaitikia mzee, akachukua spana, akaenda mstari wa pili.

Milembe alimfuata. Hakumwambia tu amwamini. Aliomba wawashe mashine mbili, moja ikiwa imebanwa kwa mkono wa mzee na nyingine ikiwa imelegezwa, ziende kavu, bila pamba, kwa muda wa kunywa chai. Wakanywa chai wamesimama, kila mmoja anatazama upande wake. Chai haikuisha. Mzee alinusa, akaweka kikombe chini, akaenda kuzima ile ya kwanza mwenyewe. Aliweka kiganja juu ya rola akakitoa haraka. Akaweka juu ya ile ya pili, akakiacha hapo muda mrefu.

Alisema kwamba kweli, hawa ni ng'ombe wengine. Kisha akauliza kisu kinatakiwa kulegea kiasi gani, na Milembe akamwonyesha, na mzee akashika kipimo kile kwa mkono baada ya mashine tatu, kiasi kwamba ya nne Milembe hakuwa na cha kurekebisha. Akarudisha mikono mfukoni. Kwa mara ya kwanza tangu apewe kazi ile, alimwacha mtu afanye, akaenda kuangalia mabomba. Ilimshinda kidogo, aligeuka mara mbili tatu kuchungulia. Lakini alikwenda. Kabla ya saa sita alikuwa ameshapita kwa Anatoli kumweleza yote, na Anatoli, ambaye alikuwa amejiandaa kwa habari ya wizi au ulevi, alimsikiliza mdomo wazi, akaishia kuuliza kama basi mke wake yeye Anatoli naye haruhusiwi kulitaja jina la baba mkwe wake. Januarius alihadithiwa mwisho, akasema kwamba kuanzia leo yeye si posta.

Alhamisi mitambo iliwashwa. Mstari wa kwanza ukanguruma, wa pili ukafuata, na sakafu ikaanza kutetemeka chini ya miguu kama inavyotakiwa. Walipitisha pamba kidogo iliyobaki ya mwaka jana, nyuzi zikatoka nyeupe, mbegu zikaanguka nzima. Anatoli alipita akigusa rola moja moja. Hakutoa hotuba. Alichukua simu, akasogea pembeni, akamwambia mtu wa Mwanza asisumbuke na safari. Milembe alitaka kuruka, akajizuia kwa sababu ya cheo.

Lakini habari za mkamwana kumwita baba mkwe zilikuwa zimeshafika mbali. Jumapili ile, dada mkubwa wa Mzee Mayige alitoka Migato na kanga yake ya shughuli. Wote pale nyumbani walijua amefuata nini. Milembe alimpokea kwa magoti, akampa maji, akajificha jikoni na kushika mwiko kwa mikono miwili. Aliona kwamba kazi ameipata, na sasa ndipo anakuja kujua bei yake.

Shangazi hakuzunguka. Alisema watu wanasimulia sokoni kwamba kuna mwanamke anamtaja mdogo wake kwa jina mbele za wanaume, tena kwa sauti, na kwamba mwanamke huyo analala chini ya paa hili. Felisita aliacha kuchambua mchele. Shija alitazama viatu vyake.

Mzee Mayige alimaliza kwanza maji yake.

"Mkamwana wangu hajawahi kuniita kwa jina," alisema. "Waliokuambia wamekudanganya."

"Wote wanadanganya?"

"Anayeniita ni mkubwa wangu wa kazi. Huyo ananiita kila asubuhi, na siku asiponiita, mimi sina kazi ya kufanya."

 Shangazi alimtazama mdogo wake, akatazama mlango wa jikoni, akamtazama tena mdogo wake.

"Na huyo mkubwa wako," akauliza polepole, "ni nani?"

"Mama mmoja wa Malampaka," alisema Mzee Mayige, kwa ile sauti yake ya kiwandani ambayo hata jirani wa pili anaisikia. "Mtu anayejua kazi."

Jikoni, Milembe aliweka mwiko chini, akalia kidogo kwa furaha, akajifuta na kanga. Kisha akapakua chakula cha wageni.